Huyu "Mtandao" anapiga picha nyingi sana

Kuna mpiga picha mmoja nchi hii anaitwa Mtandao. Soko likiungua yupo, basi likipinduka yupo, mvua ikinyesha ndo usiseme. Chini ya picha gazetini wanaandika "Picha: Mtandao". Nilikuwa namuonea wivu kwa anavyojituma mpaka siku nilipogundua kumbe Mtandao ni mimi.

Ilikuwa masika, Jangwani imejaa maji kama kawaida yake, mwendokasi zimesimama, watu wanavushwa mgongoni kwa hela. Nikapiga picha kwa simu, jamaa maji yamemfika kiunoni kambeba mama mmoja wa kitenge, na yule mama kanyoosha mkono juu kashika viatu vyake visilowe. Nikaiposti na jina langu dogo pale chini. Kesho yake naikuta gazetini, ukurasa wa mbele, jina wamelikata. Ila kona ya juu kushoto kuna kitu cheusi hivi kama kivuli, na hicho ni kidole changu aisee, maana simu nilikuwa nimeishika vibaya mikono imeloa. Yani kidole kimetokea ukurasa wa mbele mwenyewe sijatajwa.

Nikapiga simu. Jamaa aliyepokea mpole kabisa, "sasa kaka si uliposti mwenyewe?" Halafu akaniahidi siku nyingine wataweka jina, nitajulikana. Nijulikane na nani tena? Mwenye nyumba ananijua vizuri tu, na tarehe ananikumbusha.

Hiyo ya "si uliposti mwenyewe" wenzetu walishaipeleka mahakamani. Tetemeko la Haiti Januari 2010, Daniel Morel, yeye ni mpiga picha wa kazi kabisa sio wa kubahatisha kama mimi, aliweka picha zake Twitter. AFP, shirika la habari la Ufaransa, wakazichukua tena zikiwa na jina la mtu mwingine, zikasambazwa na Getty, kampuni ya kuuza picha, dunia nzima. Alipolalamika, AFP ndo wakawa wa kwanza kwenda mahakamani, New York, wanamshtaki yeye! Wakajitetea kwamba ukishaweka Twitter umeruhusu. Jaji akakataa, na 2013 baraza la wazee wa mahakama likasema alipwe dola milioni 1.2. Na sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 picha zimo, haki ni yako tangu unapobonyeza, kuposti sio kugawa. Shida ni nani ataenda kulipa wakili kwa ajili ya picha ya mafuriko.

Na msiniambie picha ya mtu wa kawaida haina bei. Abraham Zapruder alikuwa mshona nguo na mwenye kiwanda cha magauni pale Dallas, 1963 akamrekodi Rais Kennedy wa Marekani anapigwa risasi, jarida la Life likamlipa dola 150,000. Sasa hivi angeambiwa tutumie watsap.

Mimi najua magazeti yana hali mbaya, matangazo yamekimbia, sikatai. Lakini karatasi wanalipia, mafuta ya gari wanalipia, hata chai ya kikao wanalipia. 2013 gazeti la Marekani, Chicago Sun-Times, walifukuza wapiga picha wao wote 28 kwa mpigo na waandishi wakaambiwa wapige wenyewe kwa simu, kwa hiyo mwelekeo unaonekana, picha ndo kitu cha kwanza kutafutiwa bure. Sijasema mnipe milioni. Niulizeni kwanza, halafu nipeni hata elfu ishirini, bando na nauli irudi, yule jamaa wa Jangwani mwenyewe habebi mtu bila kupatana bei kwanza.

Juzi naangalia taarifa ya habari naona namba inapita chini ya skrini, "una picha au video ya tukio? Tutumie". Nikawaandikia hapo hapo, mnanunua shilingi ngapi? Tiki mbili za bluu, siku ya nne leo.