Vistari vya Rangi Pembeni mwa Nyotamkia

Mwishoni mwa mwaka 2025 mjomba alinirushia picha kwenye WhatsApp. Katikati palikuwa na doa la kijani lenye ukungu, na pande zote vistari vifupi vyekundu, vya kijani na vya buluu, vyote vimelala upande mmoja. Chini yake ameandika: "Mpwa, ona kimondo hiki kinavyosindikizwa. Wanatuficha nini?"

Ilikuwa picha ya 3I/ATLAS, nyotamkia (bonge la barafu na vumbi linaloota mkia likikaribia Jua) iliyogunduliwa tarehe 1 Julai 2025 kwa darubini iliyoko Chile, na ya tatu tu katika vitu vinavyojulikana kupita huku kwetu vikitokea nje ya mfumo wa Jua. (Kimondo ni kile kinachowaka angani na pengine kuanguka, kama kile cha Mbozi. Lakini mjomba ni mjomba, sikumsahihisha.)

Vistari vile ni nyota. Nyotamkia inahama, kwa hiyo mpiga picha huiamuru darubini iifuate yenyewe, na nyota za nyuma ndizo zinazoburuzika. Kamera nyingi za kazi hii hazioni rangi: unapiga fremu kadhaa kwa chujio jekundu, kisha la kijani, kisha la buluu, halafu unazipanga moja juu ya nyingine. Nyota moja inaacha vistari vitatu. Aliyepiga hakumdanganya mtu. Wapiga picha wa anga wa ridhaa kwa kawaida huandika kila kitu chini ya picha zao: saa, darubini, idadi ya fremu, sekunde za kila fremu. Ni sisi tunaoyakata maelezo hayo na kubaki na picha, na picha ya anga isiyo na maelezo yake ni fumbo ambalo kila mtu hulifumbua kwa hofu yake.

Mfano unaonisumbua hadi leo ni wa nyotamkia Hale-Bopp. Iligunduliwa Julai 1995 na Wamarekani wawili usiku mmoja, kila mmoja kivyake: Alan Hale akiwa New Mexico, Thomas Bopp akiwa Arizona. Bopp alikuwa wa ridhaa, na hata darubini aliyochungulia usiku ule ilikuwa ya rafiki yake. Novemba 1996, mpenda anga mwingine, wa Houston, akaipiga picha nyotamkia hiyo na kukuta kando yake kitu kinachong'aa, kimezungukwa na kama pete, mithili ya Zohali. Akafungua programu yake ya ramani ya anga. Mahali pale hapakuonyeshwa nyota yoyote. Akapiga simu kwenye kipindi cha redio cha usiku, na habari ikasambaa.

Ilikuwa nyota, iliyoorodheshwa kwa jina la SAO 141894. Mwangaza wake ni wa daraja la 8.5, hafifu mno kwa macho matupu, lakini kamera inayokusanya mwanga kwa muda huigeuza taa. Ile "pete" ilitengenezwa na darubini yenyewe, mwanga ulipotawanyika ndani yake. Na ramani? Programu haikuwa imepangwa sawasawa, ndiyo maana nyota haikuonekana. Hale mwenyewe alijitokeza kueleza, lakini wapi! Baadaye ikaja picha nyingine, na hii ilikuwa ya kughushi kabisa: picha halali ya wanaastronomia wa Chuo Kikuu cha Hawaii, imepachikwa kitu.

Machi 1997 wafuasi 39 wa kikundi cha Heaven's Gate walikutwa wamejiua katika nyumba moja karibu na San Diego, wakiamini kuna chombo kimekuja kuwachukua pamoja na nyotamkia ile. Sisemi picha ndiyo iliyowaua. Imani yao ilianza miaka ya 1970. Ila siwezi kumweka yule wa Houston kapu moja na mghushi. Picha yake ilikuwa ya kweli. Kosa lake ni kuuliza ramani moja tu, na kupiga simu kabla ya kuuliza ya pili.

Simcheki, maana mimi mwenyewe niliwahi kushangilia pete hafifu iliyokaa karibu na nyota niliyokuwa naipiga. Nikahamisha darubini, nyota zikahama, pete ikabaki palepale kwenye fremu. Vumbi kwenye kamera.

Kwa asteroidi, yaani miamba inayolizunguka Jua, mambo ni magumu zaidi, kwa sababu hazina hata ukungu wa kukuvutia. Katika picha moja asteroidi na nyota ni nukta mbili zinazofanana. Unahitaji picha tatu au nne zilizopishana kwa dakika kadhaa, uzibadilishe mbele ya macho, uone ipi imetembea. Kwa hiyo anayekuletea picha moja na kusema "hii hapa inakuja kutugonga", mwombe ya pili.

Na wakati mwingine ajabu ni ya kweli, ila tafsiri ndiyo inayopotoka. Oktoba 2024 nyotamkia Tsuchinshan-ATLAS ilionekana na mkia wa ziada uliochongoka kuelekea Jua, ilhali mkia kwa kawaida huelekea mbali nalo. Lilikuwa vumbi lililosambaa kwenye njia yake; Dunia ilipokatiza usawa wa njia hiyo tukaliona kwa ubavu, kama karatasi unayoitazama kwa ukingo wake.

Nilimweleza mjomba habari ya vistari kwa sauti ya dakika tatu. Akakaa kimya hadi jioni.

"Kwa hiyo ni nyota tu?"

"Nyota tu, mjomba."

"Haya. Ila zimependeza."