WordPress ni ya bure, fundi wake je?

Mtu asiyejua kuandika kodi za kompyuta akiuliza atumie mfumo gani kwa tovuti yake ndogo, kurasa sita hivi, picha na namba ya simu, jibu anapewa hata hajamaliza kuuliza: weka WordPress, ile programu ya bure ya kuendeshea tovuti. Akithubutu kutaja Wix au Squarespace, huduma za kujengea tovuti ambako kampuni ndo inashika kila kitu, anachekwa, anaambiwa hivyo ni vitu vya wavivu, utafungiwa humo ndani, tovuti haitakuwa yako hata siku moja. Sasa ukiwaangalia wanaojibu hivyo, karibu wote ni watu wanaoingia kwenye seva (kompyuta inayobeba tovuti) bila kutetemeka, halafu wanamshauri mwenzao kana kwamba na yeye ameshawahi kuingia.

Tuwape haki yao kwanza. Kufungiwa kupo kweli. Tovuti ya Wix huwezi kuibeba ukaipeleka kwenye hosti nyingine (kampuni inayokodisha seva), ukitaka kuondoka unakopi maandishi ukurasa kwa ukurasa na kupakua picha zako, muundo wote unabaki kule. Na kampuni nazo zinakufa, au zinachoka tu: GeoCities ilinunuliwa na Yahoo mwaka 1999, Oktoba 2009 ikafungwa na mamilioni ya kurasa za watu zikazimwa nayo. Posterous ilichukuliwa na Twitter 2012, kufika mwisho wa Aprili 2013 haipo. WordPress leseni yake ni ya wazi, faili ziko kwako, databesi (ghala la data) iko kwako, hosti akikuudhi unahama na kila kitu. Hapo sina ubishi.

Ubishi wangu uko kwenye hilo neno "yako". Ukishaweka WordPress kwenye hosti uliyolipia mwenyewe, vilivyo vyako ni pamoja na toleo la PHP (lugha iliyoandikiwa WordPress), databesi, themu (sura ya tovuti), plagini (viongezo) kumi na mbili, bekapu, na lawama zote. Chukua mfano mdogo tu. PHP 7.4 iliacha kupata marekebisho ya usalama mwisho wa Novemba 2022. Hosti anakuandikia barua pepe kwamba tarehe fulani tunapandisha seva kwenda toleo la 8, tafadhali hakikisha tovuti yako inaendana. Mwenye tovuti anaisoma, haelewi hata sentensi moja, anaona ni kama yale matangazo mengine, anaipita. Siku ikifika ile themu aliyowekewa miaka mitano iliyopita inagoma, na yeye anasema tovuti imedukuliwa. Haijadukuliwa na mtu, ni mali yake tu inamdai.

Halafu kuna hii namba, 43. Kila mjadala lazima itokee: W3Techs, wale wanaohesabu tovuti zinatumia teknolojia gani, wamekuwa wakionyesha WordPress ikiendesha asilimia 43 hivi ya tovuti zote, na ukihesabu zile tu ambazo mfumo wake unajulikana inazidi nusu. Namba hii mi imenikaa kichwani muda mrefu kwa sababu watu wanaitumia kama vile ni kura, yaani dunia imepiga kura na imesema hii ndo rahisi. Lakini kilichohesabiwa ni kwamba imewekwa. Humo ndani kuna tovuti za magazeti makubwa yenye kikosi kizima cha mainjinia, na kuna tovuti za watu ambao fundi wao hapokei simu tangu mwaka juzi, wote wanahesabika sawa, moja moja. Na zaidi ya hapo zimo zile za WordPress.com zenye domeni (anwani) zao, ambako kampuni ya Automattic ndo inashika seva na mteja anaandika tu. Kwa hiyo mtu anapotajiwa 43 ili aache Wix akahosti mwenyewe, sehemu ya ushahidi anaopewa ni watu ambao hawakuhosti wenyewe! (Hili jina moja kwa vitu viwili, .com ya kampuni na .org unakopakua programu ya kuweka mwenyewe, limewachanganya watu wengi kiasi kwamba nashangaa hawajabadilisha mpaka leo.)

Na namba hiyo hiyo ina upande wake wa pili ambao hausemwi. Anayeandika roboti ya kutafuta mianya hapotezi muda na mfumo unaotumiwa na watu mia, anaenda kwenye wengi. Mwanya mmoja kwenye plagini maarufu unamfungulia malaki ya milango kwa mkupuo, na roboti haijali kama tovuti yako ina kurasa sita na inatembelewa na watu ishirini kwa wiki, inataka seva ya kutumia kutuma spamu au mahali pa kuficha linki za kamari. Kiini chenyewe cha WordPress siku hizi kiko vizuri, tangu toleo la 3.7 mwaka 2013 marekebisho madogo ya usalama yanajiweka yenyewe. Mianya mingi iko kwenye plagini, na plagini ni juu yako. Toleo la 5.5 la Agosti 2020 lilileta kitufe cha kuziacha zijiapdeti zenyewe, ila mpaka ukiwashe, na ukikiwasha ujue iko siku apdeti moja itagombana na nyingine usiku umelala. Mi nilishabonyeza apdeti kwa mkono wangu nikijiona mjanja, skrini ikawa nyeupe pe, hamna hata neno la kosa, nikakaa mpaka saa nane usiku nazima plagini moja baada ya nyingine, tena kwa kubadilisha majina ya folda kwenye seva maana deshibodi yenyewe ilikuwa haifunguki. Mi najua folda hizo ziko wapi. Yule muulizaji wetu je?

Sawa, 43 inamsaidia pia, nisiwe mbishi. Swali lolote utakalokuwa nalo lilishaulizwa na kujibiwa, na fundi mmoja akipotea unapata mwingine anayeujua mfumo uleule. Faida hii ni kubwa kuliko hizo elfu za plagini wanazojivunia. Ndo maana na ile mifumo midogo isiyotumia databesi, Grav kwa mfano, mi naipenda, bekapu yake ni kukopi folda basi, lakini simpi mtu asiyejua kuingia kwenye seva, bado kuna apdeti na fundi wake ni wa kutafuta kwa tochi. Drupal, mfumo mwingine mkubwa wa kuendeshea tovuti, kwa kurasa sita ni kuchinja kuku kwa shoka, na walioweka Drupal 7 ya mwaka 2011 wanajua ilivyokuwa mpaka usaidizi ulipokoma Januari 2025, kuhamia matoleo mapya ilikuwa karibu ni kujenga upya. Wanaompendekezea mtu wa kawaida Hugo au Jekyll, vitu vya kuandika amri kwenye skrini nyeusi, hao nadhani wanatania.

Mi kipimo changu ni namba ya simu. Jumapili usiku namba imebadilika, nani anaibadilisha kwenye tovuti na kwa muda gani? Kwenye Wix au Squarespace mwenye tovuti anaingia, anagusa maandishi, anaandika, kwisha. Kwenye WordPress ambayo fundi aliijenga kwa plagini ya kupangia kurasa, hiyo namba inaweza kuwa kwenye wijeti ya chini, kwenye mipangilio ya themu na kwenye ukurasa wa mawasiliano, sehemu tatu na kila moja ina mlango wake, matokeo yake namba ya zamani inakaa pale miaka miwili na wateja wanapiga kwa mtu mwingine kabisa. Ada ya kila mwezi ya hizi huduma ni kubwa kuliko hosti ya kawaida, kweli, ila anayelinganisha hajawahi kuweka kwenye hesabu hela ya fundi wala hizo simu zilizopotea.

Kwa hiyo kwa mtu wa kurasa sita asiye na fundi wa kudumu nasema alipie huduma inayoshikiwa seva, na asione aibu. Suala la kufungiwa alipime siku ya kwanza, kabla hajaweka kitu: aandike kurasa tatu za majaribio, atafute kitufe cha kuhamisha, aone kinachotoka. WordPress.com inakupa faili ambalo WordPress yoyote inalipokea. Squarespace inatoa sehemu tu ya maudhui, kwa umbo ambalo WordPress inalielewa, muundo hautoki. Ghost, mfumo mwingine wa tovuti, unaweza kulipia ukaendeshewa, na baadaye ukipata mtu ukaihamishia kwenye seva yako kwa sababu programu ni ileile. Wix, kama nilivyosema. Akishaona atachagua mwenyewe kama kukopi kurasa sita kwa mkono ni adhabu ya kutisha kiasi hicho, mi naona ni kazi ya asubuhi moja.

Na wanaogombana kuhusu umiliki wanaruka kitu kimoja. Domeni inaweza kusajiliwa kwa jina lako popote unapotaka, ukaielekeza Wix leo na kesho kwingine, wageni wako hawatajua hata kama umehama, ila fundi wengi wanaisajili kwa akaunti yao wenyewe "kurahisisha mambo". Muulize mtu aliyetengenezewa WordPress, hiyo inayoitwa yake kabisa, ile barua pepe ya kukumbusha kulipia domeni inaenda kwa nani.