Anayechangia Redio ya Kikristo Ana Sauti Gani Ndani Yake?

Mwisho wa Mei 2019, watu wa New York waliozoea kufungua 95.5 FM ili wasikie WPLJ, kituo cha muziki kilichokuwa maarufu kwa miongo kadhaa, walikuta nyimbo za kumsifu Yesu. Kituo kilikuwa kimenunuliwa na Educational Media Foundation, shirika lisilo la faida lenye mtandao wa redio za Kikristo uitwao K-LOVE. Kampuni ya Cumulus iliuza vituo sita kwa mpigo kwa dola milioni 103.5, na hicho kilikuwa kimojawapo. Mnunuzi hauzi nafasi za matangazo ya biashara. Nguvu yake inatokana na wasikilizaji wanaotoa dola chache kila mwezi.

Nairobi ina redio za Kikristo zilizopita umri wa miaka 20. Hope FM ya kanisa la CITAM na Radio Waumini ya maaskofu wa Kanisa Katoliki zote zilianza mwaka 2003. Kila mwaka tunasikia maombi ya msaada hewani: mitambo imechakaa, umeme umepanda, vijana wa studio wanahitaji mishahara. Kwa hiyo njia ya K-LOVE inavutia. Naiunga mkono kwa sehemu kubwa, lakini kuna jambo moja linalonifanya nisite, nalo ni nafasi ya mchangiaji baada ya kutoa.

Tuanze na jinsi mtandao huo ulivyokua, kwa sababu wengi hudhani ni imani ya wasikilizaji peke yake iliyoufikisha huko. Ulianza mwaka 1982 kama kituo kimoja huko Santa Rosa, California. Leo una masafa zaidi ya 1,000 na umefika majimbo yote ya Marekani. Sheria ilisaidia sana. Nchini humo sehemu ya chini ya FM, kuanzia 88 hadi 92, imetengewa vituo visivyo vya biashara. Humo mtu anaweza kuweka mitambo midogo inayopokea matangazo kutoka setilaiti na kuyarusha upya, bila studio wala mtangazaji mahali hapo. Mwaka 2017 Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, ilifuta kabisa sharti la kila kituo kuwa na studio yake katika eneo kinalohudumia, sharti ambalo mitandao ya namna hii ilikuwa imesamehewa kwa muda mrefu.

Bahati nayo ilichangia. Makampuni makubwa ya redio za biashara yalikuwa yamezama kwenye madeni, na Cumulus yenyewe iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai Novemba 2017. Anayedaiwa huuza kwa haraka. Mtandao wa K-LOVE ulinunua masafa ya 100.3 ya Los Angeles kwa dola milioni 57.75 mwaka 2017, na mwaka uliofuata kituo cha WLUP cha Chicago kwa dola milioni 21.5. Mtandao wenye fedha taslimu na usio na mwanahisa wa kumgawia faida ulijikuta miongoni mwa wanunuzi wenye nguvu sokoni. Anayetaka kuiga K-LOVE hapa kwetu akumbuke kwamba Kenya haina mazingira hayo. Masafa ya FM ya Nairobi yamejaa, na leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano chini ya sheria inayogawa utangazaji katika makundi matatu: wa umma, wa biashara na wa jamii.

Hata hivyo hoja ya kutegemea wasikilizaji ina uzito mkubwa hapa kuliko hata Marekani. Angalia ni nani anayelipia redio za Nairobi. Kwa miaka mingi kampuni za kamari zimekuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa matangazo, asubuhi hadi usiku, hata saa ambazo watoto wamo ndani ya matatu wakienda shule. Aprili 2025 bodi ya kudhibiti kamari ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, na vyombo vya habari vikalalamika wazi kwamba mapato yataanguka. Malalamiko hayo yalitufundisha jambo: chombo kinachoishi kwa mkono wa kampuni ya kamari hakiwezi kumwambia kijana wa Kayole aache kuweka kodi ya nyumba kwenye mechi ya Jumamosi.

Serikali nayo ni mteja mkubwa. Machi 2024 iliagiza matangazo ya wizara na mashirika yake yapelekwe KBC, shirika la utangazaji la taifa, na vituo binafsi vikabaki vimeduwaa. Mteja akiwa na uwezo wa kuondoka hivyo siku moja, mhariri atapima kila swali analotaka kumuuliza waziri. Redio ya Kikristo inayotegemea matangazo haina kinga dhidi ya shinikizo hilo.

Kuna pia fedha za wanasiasa. Novemba 2024 Rais William Ruto alitoa mchango katika kanisa katoliki la Soweto hapa Nairobi, na Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza fedha hizo zirudishwe. Waumini wengi walishangilia. Lakini anayerudisha fedha za rais lazima awe na mahali pengine pa kuzipata, la sivyo nyumba ya padri haitajengwa na mnara wa redio hautawaka. Shilingi 50 ya mama mboga wa Kawangware, ikizidishwa mara elfu kadhaa, ndiyo inayompa askofu ujasiri wa kukataa mamilioni. Hii ndiyo sababu inayonifanya nione kwamba wasikilizaji ndio wafadhili salama zaidi kwa redio inayodai kusema ukweli wa Mungu.

Na njia ya kutoa ipo. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, mlinzi anayekesha getini Kilimani na redio yake ndogo anaweza kutuma shilingi 20 saa nane usiku baada ya wimbo uliomgusa. Marekani mchango wa kila mwezi hukatwa wenyewe kwenye kadi, na anayetoa anaweza kupata nafuu ya kodi. Hapa mtu hutoa akiguswa, leo anazo na kesho hana, na hakuna nafuu yoyote anayoiona. Redio haiwezi kupanga mishahara ya mwaka mzima kwa fedha za aina hiyo bila kuomba kila wiki, na maombi ya kila wiki huchosha.

Lipo tatizo lingine ambalo wachungaji hulizungumza pembeni tu. Muumini tayari ana fungu la kumi, sadaka ya Jumapili, harambee ya jengo, mchango wa mazishi kijijini na ada ya mtoto wa dada. Redio inapoingia kwenye simu yake, inachukua sehemu ya fedha zilezile. Mchungaji wa kanisa dogo la mabati Mukuru ana haki ya kuuliza kwa nini sadaka ya mshirika wake iende kwa sauti asiyoijua, ilhali mshirika huyo akilazwa hospitali ya Mbagathi ni yeye atakayekwenda kumwombea. Sijaona redio iliyomjibu mchungaji huyo vya kutosha.

Hapo ndipo nasita. Anayetoa anapata nini kama mwenye mali? Katika mtandao mkubwa anapata vipindi vizuri, barua ya shukrani, na pengine shuhuda za watu waliobadilika. Hapati kura. Hachagui bodi. Hajui mkurugenzi analipwa kiasi gani mpaka aende kutafuta hesabu mwenyewe. Tunasema redio ni ya wasikilizaji kwa kuwa wanailipia, lakini kulipia na kumiliki ni mambo mawili, na umbali kati yake unakua kadiri mtandao unavyokua.

Mfano mchungu zaidi ni Family Radio ya Harold Camping. Nayo ilikuwa ya Marekani, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950, haikuwa na matangazo ya biashara, na ililishwa na wasikilizaji waaminifu. Camping, aliyesomea uhandisi, aliwaambia kwamba siku ya hukumu ni tarehe 21 Mei 2011. Mabango yakawekwa, magari yakazungushwa, na wapo waliotoa akiba zao zote kueneza onyo hilo. Siku ikapita. Baadaye shirika liliuza baadhi ya vituo vyake vikubwa, pamoja na masafa yake ya FM ya New York. Hakukuwa na kampuni ya kamari iliyompotosha mzee yule, wala serikali iliyomnunua. Alikuwa na fedha safi za watu wema na hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kumwambia anyamaze.

Kenya haiwezi kulisoma hilo kama jambo la mbali. Mwaka 2023 msitu wa Shakahola, Kilifi, ulitoa miili zaidi ya 400 ya watu wanaohusishwa na mafundisho ya Paul Mackenzie, ambaye amekana mashtaka, na mahubiri yake yalikuwa yamesambaa kwa televisheni na intaneti. Simweki mtu yeyote wa redio za Nairobi kwenye kundi hilo. Ninachosema ni kwamba fedha za wasikilizaji hazimkagui mhubiri. Zikija kwa wingi humpa nguvu, na mhubiri mwenye kipaza sauti anaweza kuzichukua kama uthibitisho kwamba Mungu yuko upande wake.

Mtindo wa kuhimiza watu "wapande mbegu" hewani, yaani watoe fedha wakitarajia muujiza, unazidisha hatari. Mama mwenye mtoto mgonjwa akiambiwa kwamba uponyaji unasubiri shilingi 1,000, hatujamwomba mchango. Tumemnyang'anya akiwa amelala chini. Redio inayotaka kuitwa ya wasikilizaji inapaswa kukataa fedha za namna hiyo kwa ukali uleule wa kukataa fedha za kamari.

Kuna hasara nyingine isiyozungumzwa sana, nayo ni kupotea kwa sauti ya mahali. Mtandao hupunguza gharama kwa kurusha kipindi kimoja kila mahali. Mvua za Aprili 2024 zilipofurika Mathare na Mukuru, watu walihitaji kujua daraja gani limekatika, shule gani imefunguliwa kupokea waliohamishwa, nani anagawa blanketi. Wimbo mtamu kutoka studio ya mbali haujibu swali hilo. Redio iliyokusanya shilingi za watu wa Mathare inadaiwa sauti ya mtu aliyesimama Mathare siku ile.

Mtandao si lazima uwe hivyo, na ushahidi tunao karibu. Trans World Radio, iliyoanzia Tangier mwaka 1954, ilikuja kuwa na vituo vya Sifa FM nchini Kenya, miongoni mwake Lodwar, Marsabit na Voi, vyenye watangazaji wa huko na lugha za huko. Radio Maria, iliyotokea Italia na isiyouza matangazo, ina chama cha kila nchi chenye usajili wake, na mkurugenzi wa vipindi huwa padri. Majirani zetu wa Tanzania wameifanya ya Kiswahili hasa, na inasikika kama redio ya nyumbani. Mifumo hiyo miwili ina kasoro zake: padri mkurugenzi anawajibika kwa askofu kuliko kwa msikilizaji, na huduma nyingi za kimisheni huendeshwa kwa fedha za wafadhili wa ng'ambo. Anayetoa yuko Ulaya au Marekani, anayesikiliza yuko Turkana, na wawili hao hawajuani.

Utegemezi huo wa ng'ambo una historia kwetu. Sauti ya Injili, studio ya Moshi nchini Tanzania, iliandaa vipindi vya Kiswahili vilivyorushwa na kituo kikubwa cha Kilutheri kilichoanza Addis Ababa mwaka 1963. Mitambo ilikuwa ya nguvu na fedha zilitoka nje. Mwaka 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia, iliyoitwa Derg, ilikichukua, na masafa yale yakakoma kuwa ya Injili. Studio ya Moshi, iliyokuwa na kanisa na watu wake nyuma yake, ilibaki.

Kwa hiyo nikiulizwa kama redio za Kikristo za Nairobi zikue kwa njia ya kuchangiwa, najibu ndiyo. Hoja kwamba wasikilizaji ni maskini mno siikubali, kwa sababu hao hao ndio waliojenga karibu kila kanisa tunaloliona kutoka Githurai hadi Ngong. Lakini kabla ya kununua masafa ya mji wa pili, redio ianze kuwapa wachangiaji wa mji wa kwanza kitu cha kushika. Hesabu zilizokaguliwa zisomwe hewani, kwa Kiswahili, saa ambayo watu wako macho: tulikusanya kiasi hiki, umeme ulichukua hiki, wasanii tulilipa hiki, mkurugenzi anapokea hiki. Bodi iwe na viti vinavyojazwa na wachangiaji wenyewe, wakiwemo wanawake na vijana, kwa muda wenye mwisho. Kila mji utakaoongezwa upewe saa zake kila siku na mtangazaji anayelala huko. Na mchungaji wa mabati aalikwe studio, aulize swali lake kuhusu sadaka ya mshirika wake mbele ya wote.

Masharti haya yatapunguza kasi. Mtandao utakaoyafuata hautafikisha masafa 1,000, pengine hata 20. Kwa mji wenye watu zaidi ya milioni 4 kama Nairobi, vituo vitatu au vinne ambavyo mwenye shilingi 50 anaweza kuingia mlangoni na kuuliza zilikokwenda vinatosha kuanzia.