Betri ikifa, mzigo ni wa nani?

Unga Limited, Arusha, betri ya gari haifi bure. Nilimkuta kijana wa vyuma chakavu, suruali imetobolewa na asidi, akiinamisha betri ya lori juu ya mtaro. "Namwaga maji, tajiri ananunua risasi," alisema. Maji ni asidi; risasi ni metali nzito iliyo ndani ya betri. Kisha shoka.

Ulaya wana sheria inayoifuata betri toka mgodini hadi kuyeyushwa upya. Ilianza kutumika Februari 2024. Mwaka 2027 betri za magari ya umeme zitapewa pasipoti ya kidijitali, yaani rekodi ya kila betri mtandaoni, na kuanzia Agosti 2031, asilimia 85 ya risasi kwenye betri mpya za magari itatakiwa iwe imetokana na taka. Kwa lithiamu, madini yaliyomo pia kwenye betri za simu, ni asilimia 6 tu.

Wanaotaka tuige wana hoja nzito. Risasi mwilini mwa mtoto haina kiwango salama. Jirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, walidhurika na kiwanda cha kuyeyusha betri hadi mahakama, mwaka 2020, ikaamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3.

Lakini pasipoti itamsaidia nini mtu wa mkokoteni? Sheria ya vibali lukuki itamwondoa yeye, abaki tajiri mwenye wakili. Na gharama itamfikia mfugaji wa Longido anayewasha taa kwa sola na betri moja. Isitoshe, kukusanya, kazi inayowatoa Ulaya jasho kwa betri ndogo, sisi kwa betri za magari tunaiweza bila waraka wowote, kwa sababu zina bei. Shida yetu inaanza baada ya kukusanya.

Kwa hiyo mimi ningeanzia kwenye mizani: mnunuzi wa chakavu alazimishwe kupima betri nzima, na maji yake, na akikutwa na iliyomwagwa alipe faini yeye, si kijana. Dukani nako iwe kama kreti ya soda: huna tupu, unaacha amana.

Dawa hiyo haifiki kwenye lithiamu. Betri za simu na tochi zinaishia dampo la Muriet pamoja na maganda ya ndizi. Hapo Ulaya wako sahihi: anayeiingiza sokoni alipie mwisho wake mapema. Nilimuuliza yule kijana kama huziokota. Akacheka.

"Hizo hazina kilo, kaka."