Binti mnene akibanwa kifua: ni pumu au ni mwili?

Juni na Julai, baridi ya Mbeya ikikaza, majiko ya mkaa huingizwa ndani, na vifua navyo huanza kubana. Kijana mwembamba akikohoa usiku kucha, habishiwi: ana pumu. Akiwa binti mnene, wakubwa humgeuzia maneno: "Apunguze chipsi kwanza."

Wasemao hivyo hawajakosea kabisa. Mafuta ya tumboni na kifuani huyanyima mapafu nafasi ya kutanuka, na yenyewe hutoa kemikali zinazochochea uvimbe mwilini. Tafiti nyingi zimekuta vijana wenye uzito uliozidi wanapata pumu zaidi, tena pumu ya namna hiyo mara nyingi haitulii vizuri kwa dawa ya kuvuta yenye steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa.

Jinsia nayo imo. Utotoni wavulana ndio wanaoongoza kwa pumu, kwa kuwa njia zao za hewa ni nyembamba kulinganisha na mapafu yao. Balehe ikipita, mambo hugeuka, na ukubwani wanawake huwa wengi zaidi. Homoni zinashukiwa, maana wapo wasichana wanaobanwa zaidi siku chache kabla ya hedhi, na unene huwahisha kuvunja ungo. Lakini je, uzito unawaumiza wasichana kuliko wavulana? Hapo tafiti hugongana: nyingine zasema wasichana, nyingine wavulana, nyingine hazioni tofauti. Kwa hiyo sikubali pumu iitwe ugonjwa wa mabinti wanene.

Tena chanzo na matokeo vinaweza kubadilishana nafasi. Binti akibanwa mara mbili uwanjani, mwalimu humketisha pembeni. Mama naye, kwa huruma, humkataza kukimbia. Baada ya miaka miwili mwili umeongezeka. Vidonge vya steroidi vikirudiwarudiwa navyo huongeza hamu ya kula. Unene wa hapo ni zao la pumu iliyotibiwa nusunusu.

Wapo pia wanaohema kwa uzito tu, bila pumu, na bado hupewa dawa zake. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na vilima haviishi. Kuhema mlimani si ushahidi. Tazama kama kifua kinapiga filimbi, kama kikohozi kinamwamsha alfajiri, kama dalili huja na kuondoka. Kisha apulize kipimo cha pumzi kabla na baada ya dawa ya kutanua njia za hewa.

Kinachoniuma ni kumwambia mtoto apungue kwanza ndipo atibiwe. Akimbie kwa pumzi ipi? Aanze na dawa ya kuvuta ya kuzuia pumu, kila siku, na jiko la mkaa litoke anapolala. Pumu ikitulia, apashe mwili taratibu, arudi kwenye netiboli. Wala asishindishwe njaa: kwa anayekua, mara nyingi inatosha uzito usimame mahali pamoja huku kimo kikipanda.