Namba 42 mgongoni, bili mkononi

Kila tarehe 15 Aprili, wachezaji wote wa ligi kuu ya besiboli hapa Marekani huvaa namba 42 kumuenzi Jackie Robinson, Mmarekani Mweusi aliyevunja ukuta uliowazuia Weusi kucheza ligi hiyo, mwaka 1947 akiwa na Brooklyn Dodgers. Hotuba zinamwagika, machozi kidogo, matangazo ya biashara, na kesho yake kila mtu anarudi kwenye namba yake.

Safari hii nilitazama sherehe hizo hapa Atlanta na jirani yangu, huku akinisomea ujumbe wa kocha. Ada ya timu ya kiangazi, mtoto wa miaka 11: dola 2,600. Hoteli juu yako. Petroli ya kwenda mashindanoni Alabama na Florida, usiulize. Mama huyu anafanya usafi hospitalini zamu ya usiku. Mwanawe anarusha kwa mkono wa kushoto, na mpira ukitua kwenye glavu ya mdakaji, wazazi walio kwenye viti wanageuka.

Sasa msikie yule bwana mwenye tai kwenye runinga, anauliza kwa majonzi kwa nini vijana Weusi "wameacha kuupenda" mchezo huu. Wameacha kuupenda!

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, karibu wachezaji 18 katika kila 100 wa ligi kuu walikuwa Wamarekani Weusi. Siku hizi ni kama 6. Fainali ya 2022, Houston na Philadelphia, hakukuwa na hata Mweusi mmoja mzaliwa wa Marekani katika vikosi vyote viwili, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1950. Dusty Baker, kocha Mweusi wa Houston, alibeba kombe lile bila hata mmoja wao kikosini.

Mapenzi hayahusiki hapa. Zamani skauti, yule anayezitafutia klabu vipaji, alikuja uwanja wa mtaani. Leo anakwenda kwenye mashindano ya kulipia, kwa hiyo asiyelipa haonekani, hata arushe moto. Gongo moja zuri la kupigia mpira ni dola 350 na zaidi, na mtoto akirefuka unanunua jingine. Halafu piga hesabu ya chuo: kwa miaka mingi timu ya besiboli ya daraja la kwanza ilikuwa na ufadhili kamili wa masomo 11.7, wakigawana vijana 27. Ndiyo, nukta saba ya kijana! Futiboli ya Kimarekani ilikuwa na 85, kila mmoja na wake mzima. Kanuni zimebadilika juzijuzi tu. Mzazi maskini anajua kuhesabu, ndiyo maana akampeleka mwanawe kwenye futiboli.

Na msiniambie hela hakuna. Klabu zote 30 zina akademia Jamhuri ya Dominika, zinawalisha na kuwalaza vijana waliosaini wakiwa na miaka 16. Kumbe wakitaka wanalipa.

Haya, nikubali: akademia ya bure ya ligi huko Compton, California, iliyofunguliwa 2006, imefanya kazi, na Hunter Greene, mrushaji wa ligi kuu, alipitia pale. Wakubwa wa ligi wanapenda pia kutukumbusha kwamba mwaka 2022, klabu zilipochagua wachezaji chipukizi kama kila mwaka, wanne kati ya watano wa kwanza kuchaguliwa walikuwa Weusi waliopitia programu za ligi. Sawa. Ila watatu kati yao baba zao walikuwa wanamichezo wa kulipwa. Wa nne, Termarr Johnson, ni wa hapa hapa Atlanta, na namshangilia mpaka sauti inakauka. Lakini mmoja!

(Braves wenyewe, timu ya Atlanta ya ligi kuu, walihamia kaunti jirani ya Cobb mwaka 2017, ambako MARTA, treni ya jiji, haifiki. Nisiendelee.)

Ninachotaka ni kidogo: ligi ilipe makocha wa viwanja vya mtaani, ilipe basi, na iwaamuru skauti wake wafike huko Jumamosi.

Wakati tunasubiri, jirani yangu anatafuta glavu iliyotumika, inchi 11.5, ya kuvaliwa mkono wa kulia. Za watoto wanaotumia mkono wa kushoto hazipatikani kirahisi. Mwenye nayo aniandikie.