Upepo ni Uleule, Karatasi Ndizo Zilizobadilika

Kaskazi huvuma kuanzia Disemba hivi hadi Machi, kisha kusi hushika zamu. Kwa karne nyingi Lamu iliishi kwa ratiba hiyo: majahazi yalishuka na kaskazi yakiwa na tende na mazulia, yakapanda na kusi yamesheheni boriti za mikoko kwenda Ghuba, ambako miti ya kujengea ni adimu. Ukiishia hapo utasema jiografia ndiyo iliyoamua kila kitu. Lakini mwaka 1982 serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi. Kusi ikaendelea kuvuma vilevile, shehena ikakosekana. (Sisemi mikoko ikatwe ovyo, Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya.)

Bandari mpya ya Lamu inasimulia jambo hilohilo. Mlango wa Manda umechimbwa hadi mita 17.5, na gati tatu za mita 400 kila moja zimekamilika kati ya 23 zilizopangwa. Maji pale yalikuwa na kina tangu zamani, ila reli iliyoanza kujengwa mwaka 1896 ilianzia Mombasa, na Lamu mpaka leo haina reli. Meli kubwa itafunga gati vizuri tu. Shida ni kontena likishateremshwa, liende wapi na kwa njia gani?

Kwangu mimi fundo lenyewe liko kwenye ardhi, na Malindi ndiko linakoonekana waziwazi. Udongo upo, mvua ipo, Mto Sabaki upo; kinachokosekana ni hati. Sheria ya hatimiliki ya 1908 ilimtaka kila mwenye shamba katika ukanda wa pwani apeleke dai lake, na ardhi isiyodaiwa ikawa mali ya Serikali ya Kiingereza. Wamijikenda, wenyeji wa pwani hiyo, walimiliki kwa ukoo, bila karatasi, hivyo wengi hawakudai. Wajukuu wao leo wanaitwa maskwota, yaani wakazi wasio na hati, palepale walipozikwa mababu.

Hapo ndipo ilipozaliwa nyumba bila ardhi: kuta ni zako, kiwanja ni cha bwanyenye, nawe unamlipa kodi ya kiwanja. Benki haiipokei nyumba hiyo kama dhamana kwa sababu haina hati ya kuandikia deni. Bila mkopo, mtu hujenga kwa udongo na makuti hata kama ana uwezo wa kulipa mawe polepole. Nani atamwaga zege kwenye kiwanja anachoweza kuambiwa ahame?

Sheria imeacha mlango mmoja. Aliyekaa kwenye ardhi ya mtu binafsi miaka 12 mfululizo, waziwazi na bila ruhusa, anaweza kuiomba Mahakama ya Mazingira na Ardhi imtambue kuwa mmiliki. Wengi hukwama mahali pawili. Kwanza ni zile risiti za kodi, ambazo watu huzitunza kama ushahidi wao: zinathibitisha kwamba umekaa kwa ruhusa, na dai linaanguka. Pili, ombi lazima liambatane na nakala ya rejista ya ardhi iliyothibitishwa na msajili, na lionyeshe ni kipande gani hasa. Kesi nyingine hufa kwa kukosa karatasi hiyo moja tu. Na kama ardhi ni ya serikali, mlango huo haupo kabisa, hata ukae miaka 50.

Kwa hiyo ninapoona lami na gati vikitangulia, huku upimaji wa mashamba ukisubiri, naona mpangilio umepinduliwa. Barabara ikifika, bei ya ekari hupanda na faida humwendea mwenye jina kwenye rejista, hata kama hajakanyaga shamba hilo miaka 30. Aliyelilima hulipwa fidia ya minazi na miembe yake tu, mti kwa mti. Wapimaji na watangulie, wajenzi wa barabara wafuate.